Upepo kwenye Breki ya Nyuma

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Miezi kumi na minne imepita tangu tumzike mwanao, mume wangu, na mimi sijakuandikia hata mstari mmoja. Sina kisingizio cha maana. Kila nilipokaa kuandika niliona sina la kukuambia ambalo wewe hulijui, nikaiweka kalamu chini.

Leo nina jambo. Breki ya nyuma ya pikipiki imelegea. Nikikanyaga, pedeli inazama mpaka chini kama nakanyaga godoro, na gurudumu linaendelea na safari zake. Nikikanyaga haraka haraka mara nne au tano inaanza kushika, halafu nikisubiri kidogo inalegea tena. Diski nimeitazama, haina ufa. Pedi zimelika lakini bado zipo. Wiki mbili zilizopita pikipiki ililala ubavu kwenye kijito, na nilipoinyanyua nilikuta kile kikopo cha mafuta ya breki kimebaki na mafuta kidogo sana, nikaongeza. Huenda shida ilianzia hapo.

Huku nilikohamishiwa hakuna fundi wa pikipiki. Yupo wa baiskeli, naye alipoiona alisema ataigonga gonga aone. Nilimshukuru nikaondoka nayo.

Kazi yangu ni ileile ya kuchanja kuku. Nina vijiji kumi na kimoja, vingine viko huko milimani. Chanjo inakaa kwenye sanduku la barafu nyuma ya pikipiki, tone moja kwenye jicho la kila kuku. Kuku hawapendi, na wenye kuku hawanipendi pia mpaka jirani yao afiwe na kuku wote. Chanjo ikipata joto imekwisha, ndiyo maana bila pikipiki sina kazi.

Shangazi, dada yako, ameniambia simu huisikii tena. Anasema nimtumie barua yeye pale kwenye duka lake la kushona, atampa dereva wa basi la kwenu. Tafadhali niambie nifanye nini.

Mkweo,
Mchanja kuku


10 Februari

Mkwe wangu, Mama Vifaranga,

Marahaba, tena marahaba, na nyingine nakuwekea akiba. Dereva alinipungia bahasha kutoka dirishani na mimi nikadhani ananidai. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaiweka juu ya jiliwa langu la kubania vyuma nikaisoma tena wakati wa chai.

Shangazi yako amesema kweli. Miaka arobaini ya injini imeniachia masikio ya pambo tu. Na huo ujumbe wa maandishi, mimi na vile vitufe hatuivi chungu kimoja. Karatasi inanitosha.

Sasa breki. Umeieleza vizuri kuliko mafundi wengi niliowafundisha. Pedeli inayozama kisha ikapanda ukiikanyaga mara nyingi ina upepo ndani. Mafuta hayaminyiki, upepo unaminyika. Mguu wako unaminya upepo badala ya kusukuma pedi. Inabidi uutoe.

Tafuta mafuta mapya ya breki, chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta hayo yakikaa wazi yananyonya maji kutoka hewani. Yasiguse rangi ya pikipiki, yataibambua. Jaza kikopo. Kwenye kalipa, yaani kile chuma kinachoibana diski, utaona nipeli, skrubu ndogo ya kutolea upepo, yenye kofia ya mpira. Vua kofia, vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na ncha yake ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Kanyaga pedeli mara tano taratibu, ya tano ishikilie chini. Fungua nipeli robo mzunguko kwa spana namba nane. Utaona povu linatoka. Funga nipeli kwanza, ndipo uachie pedeli. Ukiachia kabla ya kufunga, unanyonya upepo upya na umefanya kazi ya bure. Rudia mpaka povu liishe, na kikopo kisikauke hata mara moja.

Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja anakanyaga na mwingine anafungua. Sijui nani yupo hapo wa kukukanyagia. Siulizi, nasema tu.

Usimruhusu mtu mwingine aiguse. Pikipiki hiyo ina mambo yake. Na usiipande mpaka pedeli iwe ngumu. Hilo ni agizo.

Mimi nipo. Gereji nimempangisha muuza ndoo za plastiki. Nimebaki na meza moja na jiliwa, nimevileta chumbani, kwa hiyo siku hizi nalala gereji. Mtu wa mwisho kuniuliza swali la ufundi alikuwa mwanangu. Niandikie imekuwaje, tena uandike yote, hata ya kuku.

Baba yako,
Fundi


21 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Chupa nzima ya mafuta imekwisha na mgongo wangu karibu uende nayo.

Wa kunikanyagia hayupo. Nakujibu ingawa hukuuliza. Nililala ubavu chini, mkono wa kushoto ukabonyeza pedeli, wa kulia ukashika spana. Bibi mwenye nyumba alipita akaniuliza kama nimeanguka.

Sanduku la spana la marehemu sikuwahi kulifungua tangu siku ile. Nilidhani nitalia. Spana namba nane ilikuwa imeviringishwa kwenye kipande cha shati lake la bluu, lile uliloniambia limemkaa vibaya siku ya harusi. Nilikaa nayo kidogo, ndipo nikaanza kazi, na sikulia. Nililia kesho yake, nikiwa natafuta chumvi.

Povu lilitoka, mara tatu hivi, halafu mafuta matupu. Pedeli ilipanda nusu. Nilifurahi siku moja. Siku ya pili ikazama kama mwanzo. Nimerudia tangu mwanzo, na matokeo ni yaleyale. Nadhani sijui kufunga nipeli kwa wakati, mkono wangu unachelewa.

Pikipiki nimeiegesha ndani. Vijiji vya karibu nakwenda kwa miguu na sanduku begani, vya mbali vinasubiri. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kuna kitu kingine cha kujaribu?

Mkweo


28 Februari

Dada,

Bahasha ya mkwe nimeiambatisha na hii, mpelekee kama kawaida. Hii nyingine ni yako peke yako, ukishaisoma ichome.

Ile breki niliifunga mwenyewe. Kalipa yake ya kwanza ilipasuka, mimi na marehemu tukaweka ya pikipiki kubwa zaidi. Juu haikuenea, tukaifunga chini ya mkono wa gurudumu, kichwa chini miguu juu. Nipeli ya kutolea upepo ikabaki inaangalia ardhi. Upepo hupanda, Dada, haushuki. Mtoto wa watu atakanyaga mpaka mwaka uishe, na upepo utabaki umejikalia juu ndani ya kalipa. Dawa yake ni ndogo. Anafungua bolti mbili, anaitoa kalipa, anaigeuza nipeli iangalie juu, ndipo anatoa upepo. Nusu saa haifiki.

Nilishaandika hayo yote kwenye barua ya kwanza. Nikasoma barua nzima, nikaona imekamilika, haina pa kumrudisha. Nikaichana, nikaandika nyingine bila maneno hayo.

Usinikasirikie. Pikipiki ameiegesha, kaniambia mwenyewe, hakuna wa kuumia. Mimi nimekaa humu ndani miezi kumi na minne nikiangalia mlango. Mkwe akishafiwa na mume anaweza kwenda zake, na hakuna wa kumlaumu. Kilichobaki kati yangu na yeye ni hii breki. Ikikaza, ataniandikia habari gani? Naomba barua mbili tu zaidi, halafu nitamwambia.

Mdogo wako


28 Februari

Mkwe wangu,

Mkono wako hauna kosa lolote, usiusingizie. Breki huwa na ukaidi wake.

Kagua mpira unaoshuka kutoka kwenye pampu mpaka kwenye kalipa. Mtu akikanyaga, mpira usivimbe. Tazama washa, zile pete za shaba kwenye maungio, kama zina unyevu futa, kisha kaza kidogo. Tazama pia kijiti kinachosukuma pampu, kiwe na nafasi ndogo tu ya kucheza kabla hakijagusa. Halafu niandikie umeona nini kwa kila kimoja.

Umenichekesha na habari ya bibi mwenye nyumba. Lile shati lilimkaa vibaya kweli, na alijua, ila alilivaa kwa sababu wewe ulilisifu. Hilo hakukuambia? Aliniambia mimi gereji, huku anajitazama kwenye kioo cha pembeni cha lori. Nina mengine ya namna hiyo, ukipenda nitakuwa nakuandikia moja moja.

Huku hakuna jipya. Muuza ndoo ananisalimia kwa mkono, mimi namjibu kwa mkono. Wiki nzima inaweza kupita sijatumia mdomo ila kwa chakula. Ndiyo maana barua zangu zinakuwa ndefu, univumilie.

Baba yako,
Fundi


6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nakutumia suruali mbili kwa mkono wa dereva. Magoti yamechanika, naomba uweke viraka vya kitambaa kizito, turubai ukiwa nalo. Utauliza nimepiga magoti wapi, kwa hiyo bora nikuambie.

Nimeanguka mara mbili kwenye changarawe. Pikipiki naiendesha, Shangazi. Sikuacha hata siku moja. Natumia breki ya mbele peke yake, na kwenye mteremko gurudumu la mbele linateleza. Baba nimemwambia nimeiegesha. Usimwambie.

Ningefanyaje? Chanjo haiwezi kutembea kwa miguu siku mbili mpaka milimani. Nikisimama mwezi mmoja watamleta mtu mwingine mwenye pikipiki nzima. Na Baba akijua naiendesha hivi, mimi nafikiri ataidai. Kadi bado ina jina lake. Pikipiki ni ya mwanawe, na mwanawe hayupo, mimi ni nani? Akiniambia niirudishe sitakuwa na neno. Kwa hiyo namwandikia kama mtu mwenye subira, najibu kila swali lake, nakagua mpira, nakagua washa. Kila kitu kizima na pedeli bado inazama. Nimeanza kuamini mikono yangu ina nuksi.

Lakini nakuambia ukweli, barua zake nazipenda. Jioni nikirudi sina wa kuzungumza naye ila kuku wa bibi mwenye nyumba, nao wananiogopa.

Kesho kutwa naanza mzunguko wa milimani, siku tano au sita.

Mke wa mwanao


8 Machi

Mdogo wangu mwenye kichwa kigumu,

Barua yako na ya mkwe zimekutana juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Ya kwako ilinifikia siku ya pili ya mwezi huu, nikaisoma nikacheka. Nikasema mzee mpweke, barua mbili si kitu. Kosa hilo ni langu na sitalikataa. Ya kwake imefika leo.

Pikipiki haijaegeshwa. Anaiendesha kila siku kwa breki ya mbele, ameshaanguka mara mbili, nina suruali zake hapa zenye damu kavu magotini. Amekuficha kwa sababu anadhani ukijua utamnyang'anya pikipiki ya mwanao. Wewe umemficha kwa sababu unadhani breki ikipona atakusahau. Nimekaa katikati yenu nashona viraka.

Andika leo. Andika yote, usipambe. Nami nimempelekea ujumbe kwa dereva kwamba asipande.

Dada yako


9 Machi

Mkwe wangu,

Usipande pikipiki. Kama barua hii imekukuta umevaa kofia ngumu, ivue.

Breki yako haina ukaidi wowote na mikono yako haina nuksi. Mimi ndiye niliyekuficha. Kalipa ile imefungwa chini juu. Nipeli inaangalia ardhi na upepo umekaa upande wa pili, hautatoka hivyo hata ukikanyaga mwaka mzima. Nilijua tangu barua yako ya kwanza.

Fungua bolti mbili zinazoshika kalipa, spana namba kumi na mbili. Itoe kwenye diski bila kufungua mpira wake. Weka kipande cha ubao katikati ya pedi, unene kama wa diski, ili pistoni isije ikatoka ukikanyaga. Inua kalipa juu, nipeli iangalie mbinguni, ifunge kwa kamba kwenye kiti. Igonge taratibu kwa mpini wa spana ili povu lililonata liachie. Ndipo utoe upepo kama nilivyokuandikia mwanzo. Rudisha kalipa, kaza bolti, kanyaga mara kadhaa kabla hujaondoka. Pedeli itakuwa ngumu.

Hayo ndiyo maneno niliyoyaondoa. Niliyaondoa kwa sababu nilitaka uniandikie tena. Sina sababu nyingine, na hii nayo haitoshi. Uliniambia umeiegesha, nikajipumzisha hapo, kwa sababu ilinifaa kuamini.

Shangazi yako ameniambia unavyoogopa. Sijawahi hata siku moja kufikiri pikipiki ni yangu. Kadi naiambatisha, nimeshaisaini nyuma. Andika jina lako.

Naona aibu.

Fundi


15 Machi

Mdogo wangu,

Bahasha yako imerudi, ninayo hapa. Ujumbe wangu pia haukumkuta. Bibi mwenye nyumba amemwambia dereva wa basi la huko kwamba aliondoka alfajiri ya tarehe nane, na sanduku nyuma, akasema atarudi baada ya siku sita kwa kuchelewa sana. Leo ni ya saba. Mvua imenyesha huko juu.

Usianze kutembea tembea barabarani bila kusikia magari. Kaa nyumbani. Nikipata neno lolote, dereva atalileta siku hiyohiyo.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Je?


17 Machi

Dada,

Dereva amenionyesha mikono mitupu. Mwambie asiwe anapita tu, asimame, aniandikie hata kwenye kiganja kwamba hakuna. Nikimwona anapita najua hakuna, lakini nabaki nimesimama pale mpaka vumbi lishuke.


19 Machi

Mdogo wangu,

Yu hai. Kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Alianguka tarehe kumi na mbili akiteremka. Gurudumu la mbele liliteleza, pikipiki ikamtupa mtaroni, chanjo yote ikamwagika. Alikaa mtaroni saa nyingi mpaka watu wa mnadani walipopita na mkokoteni. Nimekwenda mwenyewe kumwona, nimerudi jana. Uso una michubuko, mbavu zinamuuma, na mkono umevunjika, wa kulia. Umewekwa plasta. Wenye kuku wanamletea mayai kitandani, wale wale waliokuwa wanamfungia milango.

Barua yako nimempa. Aliisoma mbele yangu, akaikunja, akaniomba maji.

Mkono ni wa kulia, kwa hiyo usingoje barua. Hawezi kushika kalamu.

Dada yako


2 Aprili

Mkwe wangu,

Pole. Neno ni dogo na sina kubwa zaidi ya hilo.

Najua huwezi kuandika, kwa hiyo usijisumbue. Nimeuliza hapa, wanasema mfupa wa mkono unachukua wiki sita. Nimeweka alama kwenye kalenda ya muuza ndoo, kanipa ruhusa. Pikipiki usiiwaze. Iko ilipo, chuma hakilii.

Nilitaka kukuandikia kisa kingine cha marehemu, nimeona si wakati wake.

Fundi


27 Aprili

Mkwe wangu,

Leo wiki sita na siku chache. Plasta bila shaka imetoka. Mkono unaotoka kwenye plasta huwa mwembamba na mzito, usiulazimishe. Kuandika ndiyo kazi ya mwisho kurudi, vidole vinakuwa vimesahau. Nimeshaona hivyo kwa mafundi.

Huku ni kwema tu.

Fundi


20 Mei

Mkwe wangu,

Wengine huchukua hata wiki kumi. Nimeuliza.

Fundi


8 Juni

Baba,

Shikamoo.

Uliovunjika ulikuwa mkono wa kushoto. Shangazi alikudanganya. Nilimwambia siku ile kwamba sitaki kukuandikia, na yeye akakuhurumia akauhamisha mkono. Juzi alinionyesha barua zako zote tatu kwa pamoja, na ile ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Wiki zote hizi uliponitafutia sababu, kalamu ilikuwa mezani na mkono wangu wa kulia ulikuwa mzima.

Nilikasirika, Baba, na bado nimekasirika. Kule mtaroni sikuwa na mtu wa kumlaumu ila mimi mwenyewe. Nililala kwenye matope nikikumbuka nipeli, nikisema nilichelewa kuifunga, nilichelewa, mikono yangu haifai. Saa zote zile nilijitukana kwa kosa ambalo halikuwepo. Mkono umepona. Hilo la kujitukana ndilo linalonikera mpaka leo.

Nami nilikudanganya. Kama ningekuambia naiendesha, ungeniandikia kweli siku hiyohiyo, sasa najua. Hilo ni langu, sikuachii wewe.

Breki nimeitengeneza Jumamosi. Kalipa niliifunga juu kwa kamba kama ulivyoandika. Mkono wa kushoto bado hauna nguvu, nikamwomba bibi mwenye nyumba akanyage. Alikaa kwenye kigoda, akavua kiatu, akasema hajawahi kugusa pikipiki na hataki kuwekewa lawama. Nilipogonga kalipa lilitoka povu moja kubwa, likasimama kwenye mpira kama linajiuliza, likaondoka. Mara ya nne akaniambia, "Mbona imekataa kushuka?" Nikaweka mguu wangu mwenyewe. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

Bibi alikwenda kuangalia sufuria yake. Mimi niliipanda mpaka mwisho wa mtaa, nikakanyaga, gurudumu likasimama pale pale. Nikageuka kutafuta wa kumwambia. Palikuwa na mbwa na ukuta. Nikajikuta nasema kwa sauti, barabarani, "Baba, imeshika." Nimekaa siku tano nikipigana na maneno hayo, nikaona bora niyaandike.

Kadi ninayo, nimejaza jina langu. Breki haina upepo, pedi ni mpya, mafuta ni masafi. Sina swali lolote la ufundi na sidhani kama nitakuwa nalo karibuni. Sijakusamehe, nitakuambia siku nikikusamehe.

Dereva wa basi la huku anapita hapa Jumatano na Jumamosi. Nijibu. Usinifundishe kitu. Niambie tu umeamkaje.

Mkweo